Aliyeshusha Maziwa Masha

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe nane mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na ishirini na tano, siku ya wanawake, kwenye soko la Nyamityobora mjini Mbarara. Jua lilikuwa utosini na watu wamejaa mpaka kwenye mtaro. Onesphore alikuwa amesimama juu ya lori la matangazo, ndevu zimemfunika kidevu, fulana ya njano imembana kifua, kikombe cha uji mkononi. Alitakiwa apige funda moja, acheke, aseme: "Shibe! Nyumba imerudi raha." Maneno manne. Mtoto wa juzi angeyaweza.

Yeye akafumba macho.

Lakini ngoja. Ili ujue kwa nini mtu mzima anapewa kazi ya maneno manne na inamshinda, lazima turudi nyuma kidogo.

Onesphore alikuwa mtu wa milima ya Minembwe, Kongo, mfugaji aliyekimbia na fimbo bila ng'ombe. Kule Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alilima maharage na mahindi kwenye kipande ambacho wakubwa walikipima kwa macho, tena macho yenyewe ya kusinzia. Shule aliiacha mapema, ila kulalamika hakuhitaji kufundishwa. Tangu amzike mkewe, Anne, alibaki mtu wa ugomvi mmoja tu. Mvua ikichelewa, wakubwa. Maharage yakiingia wadudu, wakubwa. Posho ya wakimbizi ilipokatwa, naam, hapo hata waliomcheka walinyamaza. Majirani walikuwa na msemo wao: "Papa Pascaline, hata jogoo akiwika vibaya atauliza kiongozi wake ni nani."

Na sababu alikuwa nayo. Mwezi wa sita wa mwaka uliotangulia, Anne alishikwa na tumbo asubuhi akichambua maharage. Kwenye kituo cha afya wakaambiwa gari la wagonjwa lipo, mafuta hayapo, na anayetia sahihi ya mafuta yuko mkutanoni. Mkutano wa nini, hakuna aliyesema. Basi wakampakia Anne kwenye pikipiki, katikati, mumewe nyuma akimshikilia kama mzigo wa mayai. Walipofika Masha, njia ya kwenda hospitali Mbarara, mnyororo ukakatika. Wakaketi kwenye nyasi kando ya barabara, kichwa cha Anne kwenye paja la Onesphore. Magari yakapita. Yale meupe ya mashirika, yenye antena ndefu, yalipita yamefunga vioo, vumbi yakawaachia wao.

Kisha ikaja pikapu ya buluu, kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, nyuma imejaa madebe ya maziwa. Akashuka mwanamume wa makamo, viatu vya mpira miguuni, akamtazama Anne mara moja tu.

"Mzee," akasema kwa kile Kiswahili cha watu wa huko, "lete mama hapa. Maziwa itangoja."

Akaanza kushusha madebe. Akayapanga kwenye ukingo wa barabara, juani, moja baada ya jingine, maziwa ya watu, yaliyokuwa yakisubiriwa mjini. Akatandika koti lake mahali pa madebe, wakamlaza Anne juu yake. Njia nzima hakuuliza jina, hakuuliza kambi, hakuuliza karatasi. Kwenye lango la hospitali alimshika mgonjwa miguu, wakamwingiza, na Onesphore alipotoka tena kumtafuta alikuta alama za matairi tu.

Anne aliishi siku tatu. Alipata kitanda, alipata dawa ya kumtuliza, alizungumza na watoto wake. Alimwonyesha binti yao Pascaline kwa maneno mahali alipoficha mbegu. Siku ya pili hata alicheka, akisema mumewe ana nywele kama mtu aliyekunwa na fisi. Ndipo akapumzika. Asingekuwa yule mtu, angekata roho kwenye nyasi za Masha bila hata kuaga.

Sasa, kwa watu wa Onesphore kuna jambo. Kule milimani mgonjwa alibebwa kwa kipoyi, kitanda cha miti kinachowekwa mabegani, na wanaume walipokezana mlima hadi mlima. Siku ya kuondoa matanga kila aliyeweka bega lake huitwa kwa jina, huketishwa kwenye benchi mbele ya watu, hupewa maziwa kwa mikono miwili. Benchi lazima lijae. Mmoja akikosekana, matanga yameondolewa nusu, na mfiwa hanyoi ndevu. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa kipoyi cha Anne. Mchungaji na ndugu walikwisha kupanga kuondoa matanga mwezi wa sita, mwaka ukitimia. Mwendesha pikipiki angekuja, na jirani waliochimba kaburi wangekuja. Aliyeshusha maziwa angeitwa kwa jina gani?

Kwa hiyo ndevu zikaendelea kuota, na ndevu hizo ndizo zilizomletea kazi.

Ilikuwa hivi. Ajansi moja ya vipaji kutoka Mbarara, ile inayotafuta vijana wa kucheza na kutabasamu kwenye promosheni za sabuni na simu, ilikuja Juru kuchagua watu. Pascaline alitaka. Baba yake akamsindikiza kumlinda, maana msichana wa miaka kumi na tisa na lori lenye muziki havikai pamoja kwenye kichwa cha baba. Akaketi kwenye kiti cha nyuma kabisa, mikono kifuani, midomo ameikunja. Pascaline akacheza. Akaruka, akazunguka, akatoka jasho. Mwenye ajansi, Madame Nathalie, Mkongomani wa Goma aliyeishi Mbarara mpaka akaanza kuota kwa Kinyankore, akampigia makofi kwa adabu. Kisha akanyoosha kidole juu ya vichwa vya watu.

"Ule mzee. Ule mwenye kukasirika. Nani anamujua?"

Kampuni ya unga wa uji uitwao Shibe ilikuwa inataka mchezo mfupi juu ya lori: baba wa nyumba amenuna, chakula hakimpendezi, mke anamletea uji, anaonja, dunia inageuka sukari. Vijana wa ajansi wote walikuwa wameshindwa kununa. Wakikunja uso wanafanana na watu wenye jino bovu. Onesphore hakuhitaji kufundishwa.

Njiani kurudi nyumbani Pascaline alicheka mpaka akashika mti.

"Papa! Mi nilicheza mpaka magoti inaniuma. We ulinuna tu, bakakupa kazi!"

"Ni wakubwa hao," akasema Onesphore. "Hawajuagi kuchagua."

Lakini alikwenda. Na ukweli usemwe, kazi ile ilimtendea mema. Walipita Isingiro, Kabingo, Masha, hadi mitaa ya Mbarara, wakifungua ubavu wa lori sokoni na kuwasha jenereta. Sonia, binti wa Bukavu, ndiye aliyeshika maiki na kucheza mke. Joël alikuwa wa vyombo vya sauti, kijana mwenye Biblia ndogo kwenye mfuko wa nyuma. Wakamwita mzee "Papa Kununa", na watoto wa masokoni wakalichukua jina hilo wakakimbia nalo nyuma ya lori. Hakukasirika. Jioni alirudi Juru na unga wa Shibe kwenye mfuko, na tangu posho ikatwe ilikuwa mara ya kwanza nyumba yake kugawia jirani badala ya kuomba. Alipokuwa juu ya lori, akiwa amenuna kwa mujibu wa kazi, macho yake yalifanya kazi nyingine: yalipekua kila pikapu ya buluu iliyopita.

Kulikuwa na sharti moja. Bwana wa kampuni, kijana mwenye miwani ya jua hata kivulini, alikuwa amesema: maiki ni ya Shibe, hakuna salamu, hakuna siasa, hakuna dini. Onesphore aliitikia bila shida. Na katika mazoezi, na katika maonyesho yote ya kwanza, kikombe alichopewa kilikuwa kitupu. Unga ulibaniwa. Alionja hewa, akachekea hewa, akasema maneno yake manne, watu wakapiga makofi.

Siku ya wanawake yule bwana aliamua kufanya mambo makubwa. "Leo tunataka mvuke uonekane," akasema. "Uji wa kweli, mwingi wa maziwa."

Hapo ndipo alipoharibu, na hakujua. Wakubwa hawajui wanachoagiza.

Sonia alipomkabidhi kikombe, Onesphore alihisi moto kwenye viganja, na harufu ya maziwa ikampanda puani. Mtu wa imani yake hapeleki chakula kinywani bila kushukuru. Hewa huishukuru kwa nini? Lakini hiki kilikuwa chakula. Mbele ya watu au peke yake, juu ya lori au chini ya paa, ni kitu kile kile. Mikono ilifanya kabla kichwa hakijafikiri: akavua kofia, akafumba macho. Na maiki ya Sonia, iliyowekwa mdomoni mwake ili watu wasikie funda likipita, ikasikia kila kitu.

"Mungu Baba, asante kwa hii uji. Asante kwa mukono iliyoipika. Weye unaona, Baba, wakubwa balikata posho, batoto banalala na njaa. Lakini ulitutumia kazi ya kununa."

Watu wakaangua kicheko. Kisha mwanamke mmoja wa Kikongo aliyebeba kikapu cha nyanya akasema kwa sauti, "Amina!" Na wengine wakavua kofia.

"Kata maiki!" bwana wa kampuni akamnong'oneza Joël kwa ukali.

"Bosi, mtu anaomba."

"Weka muziki basi!"

"Juu ya maombi?" Joël akamtazama kama mtu aliyeambiwa atemee mate kanisa. "Watatupiga mawe, bosi. Na mimi nitawasaidia."

Onesphore hakusikia. Alikuwa amekwisha kufika Masha.

"Baba, mu hii uji muko maziwa. Maziwa inanikumbusha mutu moja. Muke wangu Anne alikuwa anakufia ku barabara, bakubwa banapita. Mutu mwenye pikapu ya buluu akashusha maziwa yake chini, akamubeba muke wangu. Simujui jina. Miye kila siku ninahesabu wenye bananikosea, jina zao zote niko nazo. Huyu moja mwenye alinitendea muzuri, jina sina. Baba, kama anasikia, mwambie nilipata siku tatu. Siku tatu nzima na muke wangu. Mwambie aje anywe maziwa kwetu Juru."

Kisha yule mwanamke wa nyanya akaanza wimbo wa ibada, chini chini, na Wakongomani waliokuwa pale, na Warundi, na hata Wanyankore wasiojua maneno, wakaingia humo. Wakaimba mpaka wengine wakajifuta macho kwa kanga. Onesphore alipofumbua macho, uji umepoa, na mbele yake hakuna soko tena, kuna msiba. Alikumbuka maneno yake manne. Akajaribu kucheka. Ikatoka sauti ambayo mpaka leo Sonia akiiiga, Joël anaangusha nyaya.

Hakuna pakiti hata moja iliyouzwa. Watu waliondoka taratibu, wakisalimiana kwa mikono, kama watu wanaotoka makaburini. Bwana wa kampuni alivua miwani kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuna aliyejua kama ni kwa hasira au kwa nini.

"Huyu mzee," akasema, "sitaki kumwona tena na kikombe changu."

Jumatatu Madame Nathalie alimwita. Ofisi ya ajansi ilikuwa juu ya duka la vipuri, ngazi yenyewe inanuka oili. Onesphore alikwenda na fulana ya njano, ameifua, ameikunja vizuri, maana kufukuzwa nako kuna heshima yake. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia yule mama. Wakubwa wote mko sawa, angeanza hivyo. Mnatutumia sura, moyo hamuutaki. Alikuwa ameyapanga mazuri sana.

"Keti, Papa," akasema Madame Nathalie. "Kwanza, uliharibu."

"Niliharibu, Madame."

"Kampuni haikutaki tena mu muchezo. Nimewaomba, bamekatala. Hapo sina nguvu."

"Ndiyo." Akaweka fulana mezani. Akafungua kinywa kuanza yale maneno yake.

"Hii unairudisha ya nini?" yule mama akamkata. "Lori inahitaji mutu wa kupanga viti na kuangalia jenereta. Hiyo si ya kampuni, ni ya ajansi, na ajansi ni mimi. Utaweza?"

Onesphore akakubali kwa kichwa.

"Na jambo lingine." Madame Nathalie akashusha sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Kampuni inalipia maiki mpaka muchezo uishe. Ukiisha, Joël anachukua muda kabla ya kuchomoa nyaya. Ule muda hakuna mwenye aliununua. Unanisikia, Papa? Ule muda ni wetu."

Hapo yale maneno mazuri aliyoyapanga njia nzima yakakosa pa kwenda. Alikuwa amezoea wakubwa wa kulaumiwa, anajua pa kuwashika na pa kuwabana. Mkubwa wa kushukuriwa hakuwahi kufundishwa anashikwaje. Akachukua fulana yake.

"Asante," akasema. Likatoka kavu, kama neno lililokaa sana kabatini.

"Enda," yule mama akasema. "Na usinune mu ofisi yangu, utanimalizia unga bure."

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya lori lile. Kijana mmoja wa Mbarara akapewa nafasi ya kununa, na kweli alifanana na mtu mwenye jino bovu. Mchezo ukiisha, pakiti zikiuzwa, viti vikikunjwa, Sonia alirudi kwenye maiki peke yake. Hakuna aliyemtuma. Aliuliza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiganda cha sokoni, kisha kwa Kinyankore alichojifunza maneno yale yale tu kwa ajili hiyo: nani alipita Masha mwezi wa sita mwaka jana na pikapu ya buluu, akashusha maziwa akapakia mgonjwa? Isingiro, kimya. Kabingo, mlevi mmoja alisema ni yeye, ila alipoulizwa rangi ya gari akasema nyekundu, watu wakamzomea mpaka kwenye migomba.

Mwishoni mwa mwezi wa tano lori likasimama Masha penyewe, karibu kabisa na zile nyasi. Onesphore alipanga viti kwa mgongo, hakutaka kutazama upande ule. Sonia aliuliza. Watu wakatazamana. Joël alikwisha kushika nyaya, mwanamke mmoja mnene muuza ndizi alipoinua mkono kutoka kwenye kibanda chake.

"Hiyo madebe," akasema, "mimi naijua."

Onesphore akaangusha kiti.

Mama yule aliitwa Kyomugisha. Kibanda chake kilikuwa hapo hapo siku ile. "Mimi naona mtu anashusha maziwa, anaenda na mgonjwa. Mimi nasema, eeh! Huyu anaacha maziwa kwa jua? Jua kali sana. Basi nakata majani ya matoke, nafunika. Namwaga maji juu ya majani. Kila saa namwaga."

"Kila saa?" Onesphore aliuliza.

"Sasa niache iharibike? Maziwa ni maziwa, mzee. Mimi nina ng'ombe nyumbani."

"Na mwenyewe alirudi? Yule mutu wa pikapu? Unamujua?"

Kyomugisha akatikisa kichwa. "Si mtu wa hapa. Jioni mimi naenda shamba, madebe bado iko. Asubuhi narudi, hakuna. Labda yeye, labda mwizi, nani anajua? Majani tu naona, mtu amepanga vizuri pembeni."

Mtu amepanga vizuri pembeni. Onesphore alisimama na maneno hayo. Miezi yote ile alikuwa akitafuta mtu mmoja, na kumbe benchi lilikuwa na mtu mwingine ambaye hata hakumjua, amekaa kimya na majani yake ya migomba na ndoo yake ya maji, akiyatunza maziwa ya mtu asiyemfahamu kwa ajili ya mgonjwa asiyemfahamu. Akavua kofia.

"Mama," akasema, "mwezi wa sita tunaondoa matanga ya muke wangu. Kuna fasi yako ku benchi. Uje, tafadhali. Utaitwa kwa jina."

"Mimi? Kwa majani tu?"

"Kwa majani."

Kyomugisha akacheka, tumbo likatikisika. "Basi nakuja. Nakuja na matoke, watu wa kambi najua nyinyi nakula mahindi tu mpaka naota ndevu. Angalia hii!" Akamvuta ndevu kidogo mbele ya watu wote, na Sonia akapiga kelele, na Onesphore akacheka. Akacheka kweli, kwa tumbo, kile kicheko ambacho Shibe walikitafuta na hawakukipata.

Jua lilikuwa linaelekea milimani. Upande wa Mbarara barabara ilikuwa tupu, isipokuwa baiskeli moja yenye majani ya ng'ombe. Joël bado hakuwa amechomoa waya. Sonia akamtazama mzee, kisha akamnyooshea maiki. Onesphore akaipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea maziwa. Akapanda ubavu wa lori, akaigeukia barabara.

"Weye mwenye pikapu ya buluu," akasema, na sauti yake ikaenda mbali juu ya mashamba, ikagonga kilima, ikarudi. "Ni mie, mume wa Anne. Tulifika. Alipata kitanda. Niko na fasi yako ku benchi, na ndevu zangu zinakungojea. Ila niambie kitu moja tu, ndugu yangu, nilale: ile maziwa yako, ilifika salama?"